Land Rover imefungwa springi mpya, mbona imelalia upande mmoja?

Springi mpya, bushi mpya, shokapu mpya. Gari linashushwa kwenye jeki, linatolewa nje ya gereji, na mwenye gari akilitazama kwa mbele anaona upande mmoja uko chini kuliko mwingine. Fundi anamwambia litakaa lenyewe. Wiki mbili zinapita, halijakaa. Hapo ndipo pesa inapoanza kupotea: wengine hununua springi nyingine, wengine huongeza pleti moja upande ulioshuka, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kutafuta chanzo kwa mpangilio, kabla ya kufungua chochote. Tunachukua mfano wa Land Rover za zamani, zile za springi za pleti mbele na nyuma, zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985. Mwaka 1983 ndipo kampuni ilipoanza kutoa gari lenye springi za koili, lile tunaloliita One Ten. Mapenzi ya Watanzania kwa magari haya yalionekana Oktoba 2024, Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover. Huku kwetu bado yapo yanayobeba mahindi, kahawa na watu, kwa hiyo suala hili si la urembo tu.

Kwa nini tujali

Eksili ya mbele ya gari hili ni moja nzima, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ndiyo maana gari likilala upande, magurudumu yanabaki wima. Kinachoinama ni chasi na bodi. Kwa macho unaweza kusema hakuna shida. Lakini upande ulioshuka una nafasi ndogo ya springi kucheza, hivyo shimo dogo tu linatosha kuifanya chasi igonge eksili. Ongeza mzigo, kisha ingia kwenye kona za Mbinga kwenda Mbamba Bay, au teremka milima ya Lukumburu ukitoka Njombe, na utaona dereva anavyoshindana na stelingi. Kona inayoisukuma bodi izidi kulalia upande uleule ulioshuka ndiyo ya hatari zaidi.

Pima kwanza, macho yanadanganya

Tafuta sakafu iliyo sawa na ihakikishe kwa pimamaji. Ua wa gereji nyingi una mteremko, na mteremko mdogo tu unatosha kumfanya mtu alaumu springi bure. Angalia kama matairi yote ni ya saizi moja na yamechakaa kwa kiasi kinachofanana, kisha jaza upepo sawa kulia na kushoto. Toa mzigo. Lisukume gari mbele na nyuma mita chache, na lipandishe na kulishusha kwa mikono mara kadhaa ili springi zitulie.

Sasa usipime kutoka chini hadi kwenye madigadi. Madigadi ya Land Rover ni bati la aluminiamu lililofungwa kwa bolti, na baada ya miaka arobaini au hamsini ya kugongwa na kunyooshwa huenda kulia na kushoto hayalingani. Pima kutoka juu ya eksili hadi chini ya chasi, kwenye ile raba inayozuia eksili isigonge chasi. Fanya hivyo pande zote mbili, mbele na nyuma, uandike namba nne.

Namba hizo zinaongea. Zikilingana kulia na kushoto, chasi haijalala; kilichopinda ni bodi au madigadi, na springi hazina kosa. Tofauti ya chini ya sentimita moja kwenye gari la umri huo, kwa maoni yetu, si sababu ya kufungua kazi upya. Ikizidi hapo, endelea.

Je, tatizo liko mbele kweli?

Hili ndilo swali linalorukwa mara nyingi. Kwa kuwa kazi imefanyika mbele, kila mtu anatazama mbele. Lakini chasi ni kitu kimoja kigumu. Springi ya nyuma kulia ikiwa imechoka, inaivuta chasi yote kulia, pamoja na mbele kwenye springi mpya.

Namna ya kuzitenganisha ni hii: weka jeki imara katikati kabisa ya boriti ya nyuma ya chasi, uinue mpaka uzito uondoke kwenye springi za nyuma. Sasa nyuma imesimama juu ya nukta moja, haiwezi tena kuvuta kulia wala kushoto. Pima mbele upya. Tofauti ikipotea, ugonjwa uko nyuma. Ikibaki, uko mbele.

Hapa kuna tahadhari. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu moja kwa moja. Inashika shafti inayokwenda eksili ya nyuma. Magurudumu ya nyuma yakishaning'inia, breki hiyo haizuii tena gari kutembea. Weka vizuizi imara mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele kabla ya kuinua, na asiingie mtu chini ya gari wakati wa kipimo hiki.

Springi za kulia na kushoto si pacha

Ikithibitika kwamba shida iko mbele, uliza swali la pili: springi zimewekwa upande wake? Wengi hawajui kwamba kiwanda kilitengeneza springi ya upande wa dereva tofauti na ya abiria. Ya dereva imepinda zaidi ikiwa haijabeba kitu. Sababu yake ni ya kawaida: dereva yupo kila safari, abiria huenda hayupo, na kwenye nyingi za gari hizi tangi la mafuta liko chini ya siti ya mbele kulia. Lita 45 za petroli ni kama kilo 33 zinazokaa upande huohuo.

Kwa hiyo springi zikibadilishana pande, gari letu la usukani wa kulia litalala kulia. Vilevile ukinunua mbili zinazofanana kabisa, ukidhani ndivyo inavyopaswa, matokeo yanaweza kuwa hayohayo. Kabla ya kufunga, zilaze sakafuni ubavu kwa ubavu uzilinganishe. Iliyopinda zaidi iende kwa dereva.

Kama zimeshafungwa na una shaka, zibadilishane pande. Mlalo ukihamia upande wa pili, kosa ni la springi. Ukibaki palepale, ziache springi na utazame zinakoshikiliwa.

Bushi zilizokazwa hewani

Hiki ni chanzo kinachojificha. Bushi ya springi ina raba iliyogandishwa kati ya bomba la ndani na la nje. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa lisizunguke, na raba ndiyo inayojipinda springi inapocheza.

Fundi akikaza bolti wakati magurudumu yananing'inia, raba inatulia katika mkao huo. Gari likishuka, raba zote zinajipinda kwa nguvu na kuishikilia springi juu. Upande mmoja ukikazwa hewani na mwingine chini, tofauti inaonekana mara moja. Baadaye raba hiyo inachanika kabla ya wakati wake, na bushi mpya inakuwa hasara.

Dawa yake haihitaji spea. Legeza bolti zote za springi pande zote, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Litikise, lisogeze mbele na nyuma, kisha kaza. Pima tena. Tunashauri kuanza na hatua hii kabla hata ya kubadilishana springi, kwa sababu haina gharama zaidi ya muda.

Vilivyobaki

Angalia kama kichwa cha senta bolti kimeingia sawasawa kwenye tundu lake la eksili, na kama yubolti zimekazwa sawa. Angalia shakeli kama zina urefu mmoja na zinacheza. Mwisho kwangua matope na kutu sehemu za chasi zinaposhikia springi. Chasi ya gari hili ni ya mabati yaliyochomelewa, na kutu huanzia ndani. Ukikuta ufa au bati linalobonyea kwa bisibisi, acha kuzungumzia springi. Gari hilo linahitaji mchomeleaji kabla ya kurudi barabarani.

Kuongeza pleti upande mmoja kunalifanya gari lionekane sawa likiwa limesimama. Likipakiwa, upande huo unakuwa mgumu kuliko wa pili, na gari linayumba upya kwa namna nyingine. Ukienda gereji, mwombe fundi akuonyeshe zile namba nne kabla hajakutajia bei ya springi. Na baada ya kazi, ukishatembea siku chache, rudi akaze yubolti tena, maana springi mpya hujikandamiza na bolti hulegea.