Bweni Halitibu ADHD

"Mwalimu, unajua shule gani nzuri ya bweni nimpeleke huyu anyooke?" Naulizwa swali hili na wazazi wa Riruta Satellite, wa Kabiria, wa Ngando na wa jirani zetu Kawangware, hasa muhula wa tatu unapoelekea mwisho na ripoti za shule zimeanza kufika nyumbani. Mtoto yuko Gredi ya Nne au ya Tano. Ameshapimwa na imethibitika ana ADHD, hali inayoathiri umakini na uwezo wa kujizuia. Mzazi amesikiliza maelezo yote, ameitikia kwa kichwa, halafu anaomba jina la shule ya bweni. Nimelijibu vya kutosha faraghani, sasa nalijibu hadharani: hakuna shule ya bweni inayotibu ADHD, na kwa wengi wa watoto hawa bweni huzidisha tatizo.

Imani yenyewe inasema hivi: mtoto ana akili ila hana nidhamu, mama yake amemdekeza, akipelekwa penye kengele na ratiba atashika adabu. Kwamba ana akili, sikatai. Mengine yote yanachanganya kujua na kutenda. Muulize mtoto huyo sheria za darasa, atakutajia zote. Anajua kazi ya nyumbani inapaswa kufika kwa mwalimu, anajua sweta lazima lirudi nyumbani. Anakwama kwenye kuanza kazi, kukumbuka hatua ya tatu akiwa bado kwenye ya pili, kusubiri zamu yake, kuuzuia mkono usiguse cha mwenzake. Uwezo huo hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, na kwa watoto hawa sehemu hiyo huchelewa kukomaa. Mwaka 2007, Philip Shaw na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha matokeo ya picha za ubongo wa watoto. Walitazama umri ambao nusu ya maeneo ya tabaka la nje la ubongo yamefikia unene wake wa juu kabisa. Kwa watoto wengine ulikuwa karibu miaka 7 na nusu. Kwa wenye ADHD, karibu 10 na nusu. Ucheleweshaji mkubwa zaidi ulionekana sehemu za mbele. Mtoto wa miaka 10 unayetaka akajisimamie mwenyewe mbali na nyumbani anaweza kuwa nyuma ya wenzake kwa miaka kadhaa katika kazi hiyohiyo ya kujisimamia.

Sasa tazama anakopelekwa. Nyumbani mama humkumbusha daftari mara nne kabla hajatoka mlangoni, dada yake humtafutia kiatu, baba huketi naye mezani hadi hesabu ziishe. Wazazi huona hayo yote kama kudekeza. Mimi nayaita msaada, na ndiyo yanayomfikisha shuleni kila siku. Ukimtoa hapo ukampeleka bweni, umemnyang'anya mtu magongo ili ajifunze kutembea. Bwenini ana sanduku lenye sabuni, soksi, mswaki, ndoo na ufunguo wa kufuli, na kila kimoja kinangoja kupotea, na kila kikipotea kuna adhabu. Anaamshwa kabla ya mapambazuko na prepu inamkuta bado yuko darasani usiku. Kukosa usingizi hudhoofisha umakini wa mtoto yeyote, sembuse huyu. Matroni ana bweni zima la kuangalia.

Na dawa je? Methilfenideti, dawa inayotumika zaidi kwa ADHD, inahitaji mtu mzima wa kuitoa kwa wakati na kuangalia kama mtoto anakula na kulala vizuri. Vidonge vyake vya kawaida hufanya kazi kwa saa tatu au nne hivi. Bwenini mara nyingi dawa hukaa kwa matroni na mtoto huambiwa aende kuiomba mwenyewe. Mtoto ambaye shida yake ni kusahau amekabidhiwa jukumu la kukumbuka dawa ya kumsaidia asisahau. Wazazi huniletea mtoto mwisho wa muhula wakilalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Dawa hakuipata.

Hapo ndipo ninapoambiwa, "Lakini wa jirani alipelekwa bweni akanyooka." Haya, tuliangalie hilo. Kwanza, mtoto akiwa bweni, mzazi haoni. Mwalimu hampigii simu kila Jumanne, na siku ya kutembelea mtoto ana furaha na kuku wa kukaanga, hana kazi ya kukamilisha. Pili, hofu inaweza kumnyamazisha mtoto muhula mzima, lakini haimfundishi jinsi ya kuanza insha. Tatu, mtoto anakua. Ule mrukoruko wa mwili hupungua umri unavyosonga, hata kwa wasiosaidiwa kabisa, huku tatizo la umakini likiendelea kimyakimya hadi sekondari. Bweni husifiwa kwa kazi iliyofanywa na umri. Nne, huenda huyo wa jirani hakuwa na ADHD tangu mwanzo. Na waliorudishwa nyumbani katikati ya muhula, waliohamishwa shule tatu kwa miaka miwili, habari zao jirani hazisimulii.

Chini ya imani hii kuna fimbo, tuseme ukweli. Akina baba wengi wakiniambia "bweni" wanamaanisha mahali ambapo mtu mwingine atamchapa. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila aina. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inamtoza anayekiuka faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Ukiweka sheria kando, matokeo yanajieleza: mtoto mwenye ADHD mara nyingi ndiye aliyechapwa kuliko wote darasani. Kama fimbo ingekuwa dawa, angekuwa wa kwanza kupona.

Mwishoni mwa 2022, Belio Kipsang, aliyekuwa Katibu wa Wizara anayesimamia Elimu ya Msingi, alitangaza kwamba mabweni ya Gredi ya Kwanza hadi ya Tisa yangeondolewa. Tangazo lilipingwa, na hadi leo watoto wadogo bado wanalala bwenini. Mjadala ule ulihusu watoto wote. Mtoto mwenye ADHD ana sababu nyingi zaidi za kulala kwao. Kama nyumbani hakuna mlezi au si salama, hilo ni jambo jingine na lina suluhisho lake. Usilifunike kwa jina la ADHD.

Swali sahihi ni hili: shule aliyopo sasa itamsaidiaje? Jibu halichukui ukurasa.

Andika barua kwa Mwalimu Mkuu, yenye tarehe, ukiomba kikao na mwalimu wa darasa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mtoto apimwe macho na masikio. Ulizia katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ya Dagoretti kuhusu kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, EARC. Taasisi ya elimu maalumu, KISE, iliyoko Kasarani, nayo hufanya tathmini. Dawa iamuliwe na daktari baada ya kumwona mtoto, na Hospitali ya Kenyatta au ya Mathari ni mahali pa kuanzia. Usinunue sharubati ya "kutuliza" kwa duka la dawa, wala mitishamba ya kando ya barabara.

Ukiwa na ripoti, itake shule iandike mpango wa elimu wa mtoto binafsi, ule walimu wanaouita IEP. Mpango huo utaje kitakachofanywa, na nani, na lini utakaguliwa. Akae mbele, mbali na mlango na dirisha. Maagizo mafupi, moja moja. Hesabu 20 zigawanywe tano tano. Atumwe chaki au kukusanya madaftari ili mwili usogee. Iwepo kadi ya kila siku yenye malengo matatu tu, mwalimu aweke alama kila kipindi, na jioni hiyohiyo wewe umtuze. Tuzo ya wiki ijayo iko mbali mno kwake. Ukiambiwa darasa lina watoto wengi, jibu kwamba karibu hayo yote hayagharimu hata shilingi.

Kuhusu mitihani ya kitaifa, ni shule inayoliarifu Baraza la Mitihani, KNEC, wakati wa usajili kwamba mtahiniwa ana mahitaji maalumu, na inahitaji ripoti ya tathmini. Anza kulifuatilia mwaka mmoja kabla ya Gredi ya Sita au ya Tisa. Shule ikikataa kabisa, peleka nakala za barua zako kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizojumuishwa katika jamii. Ukilazimika kuhama, tafuta shule ya kutwa unayoweza kufika kwa miguu, yenye darasa dogo na mwalimu aliye tayari kujaza kadi. Baadhi ya shule ndogo za kibinafsi mitaani kwetu zinaweza hilo kuliko zenye jina kubwa.

Karo uliyokuwa umeitenga kwa bweni itamlipia nauli ya kliniki na dawa, na huenda salio likabaki. Muhula ukifunguliwa Januari, barua yako iwe mezani kwa Mwalimu Mkuu wiki ya kwanza, kabla mwalimu mpya wa darasa hajaamua kwamba mwanao ni mkorofi.