Jumba, gofu na hame: kwa nini riwaya ile haikunitisha

Niliisoma Mexican Gothic, riwaya ya Silvia Moreno-Garcia iliyotoka mwaka 2020, nikiwa likizoni Baraka. Rafiki aliyeniazima alinionya nisiifungue usiku. Niliifungua usiku hivyo hivyo, kwa taa ya sola, na sikuogopa hata mara moja. Kwanza nilimlaumu mwandishi. Baadaye niliona kwamba sehemu kubwa ya sababu imo katika maneno ambayo msomaji wa Fizi huja nayo kitabuni.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1950. Noemí, binti wa tajiri wa Meksiko, anakwenda kumwangalia binamu yake aliyeolewa na familia ya Waingereza. Familia hiyo inaishi katika jumba linalooza mlimani, karibu na mgodi wa fedha uliofungwa, na kuta zake zimejaa kuvu. Muundo huu ni wa zamani. Horace Walpole alichapisha The Castle of Otranto mwaka 1764, na mwaka 1839 Edgar Allan Poe alisimulia nyumba ya Usher inayoporomoka pamoja na ukoo wake. Muundo huu unadai mambo mawili: jumba liwe imara kiasi cha kuoza polepole kwa vizazi, na wenyewe wawe bado wamo ndani. Hapo msomaji anabaki na swali moja: humu mna nini?

Kwetu mambo hayo mawili hayapo. Nyumba nyingi za vijijini Fizi ni za udongo. Paa likiondoka, mvua za misimu michache huzirudisha kuta ardhini. Tena wenyewe hawamo. Vita vya 1996 viliwavusha watu wengi Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo. Safari za kuwarudisha kwa meli hadi Baraka zilianza mwaka 2005. Ukuta ukishayeyuka, mtu anayerudi hutafuta kiwanja chake kwa mwembe au mchikichi.

Kiswahili kinatofautisha hali hizi vizuri. Jumba ni nyumba iliyokuzwa: neno limetoka ngeli yake likaingia ngeli ya ji-/ma-, likapata ukubwa na fahari. Gofu ni jengo lililobaki kuta, kama yale ya Kilwa na Gede. Hata mtu aliyekonda sana huitwa gofu la mtu. Hame ni tofauti na yote mawili. Linatokana na kitenzi kuhama, na kitenzi kina mtendaji. Ukisema hame, umeshasema kwamba kuna watu waliondoka. Kwa hiyo anayepita kwenye hame haulizi mna nini. Anauliza walienda wapi, na kama watarudi.

Neno mzimu nalo linaharibu mpango wa riwaya ya namna hii. Shina -zimu limeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na tunaliona pia katika kuzimu na wazimu. Kinyarwanda husema abazimu, kwa kiambishi kilekile cha abantu. Kiswahili kimeiweka mizimu katika ngeli ya m-/mi-, lakini maana ya asili haijapotea: mzimu ni wa ukoo fulani, una jina, na una madai yake kwa walio hai. Mzuka wa gothiki hutisha kwa kuwa haujulikani. Mzimu hutisha kwa kuwa unakujua.

Hata hivyo, si lawama yote ni yangu. Wachimbaji waliokufa kwa ajili ya mgodi ule wanatajwa, kisha hadithi inarudi haraka kwa wenye jumba. Msomaji anayetoka wilaya yenye machimbo ya dhahabu ya Misisi huona haraka nani amesahauliwa. Mimi nilisubiri wafu hao wapewe majina, lakini nilipewa maelezo marefu kuhusu kuvu.

Mtafsiri atakayeileta riwaya kama hii kwa Kiswahili achunge maneno haya matatu, maana kila moja linamwambia msomaji aogope nini. Na atakayeandika riwaya ya kutisha ya Fizi hatahitaji jumba. Mtu ashuke melini Baraka, atembee hadi kijijini kwao, aukute mwembe aliouacha baba yake, na chini yake nyumba mpya yenye moshi jikoni.