Baiskeli ya mazoezi kwa mtu wa Usoke (2): Tairi kwanza, uzito baadaye

Usoke inaijua baiskeli kwa kazi. Inabeba magunia ya mahindi, madumu ya maji, mbao, na mgonjwa anayewahishwa zahanati. Phoenix na Avon zimezeeka mikononi mwa wakulima wa tumbaku hapa kama zilivyozeeka kote Unyamwezi, na kila senta ina fundi wake wa kuziba pancha chini ya mwembe. Kigeni ni mtu kutoka alfajiri bila mzigo wala mahali anakokwenda, azunguke kilomita 20 kisha arudi nyumbani na jasho lake tu.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza faida ya jasho hilo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa mwalimu, muuguzi au karani wa chama cha msingi anayeshinda kwenye kiti, mizunguko mitatu ya dakika 50 inatosha kufikia kiwango hicho. Swali lililobaki ni moja: anunue baiskeli gani?

Wengi huanza na uzito. Si ajabu, hasa baada ya Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Baiskeli alizopanda mshindani Tadej Pogačar na wenzake haziruhusiwi kupungua kilo 6.8. Phoenix yenye keria na stendi hufika kilo 20 au zaidi. Aliyetazama mbio zile kwenye simu akiwa Usoke ana haki ya kutamani wepesi.

Lakini barabara za Kigali zilikuwa za lami na mawe yaliyopangwa, na nyuma ya washindani yalifuata magari yenye magurudumu ya akiba. Hapa lami iko kwenye barabara kuu ya Tabora kwenda Urambo. Ukiiacha tu, unakutana na mchanga, changarawe na miiba, na masika yakianza Novemba, na matope. Njia ya misafara ya zamani kati ya Tabora na Ujiji ilipita nchi hii hii, na wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa kutembea miezi mingi na mzigo wa kilo 30 hivi. Anayetaka afya anahitaji ustahimilivu wa namna hiyo. Mbio si lazima.

Kwa hiyo mnunuzi aanze na gurudumu. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati. Tairi la Phoenix huandikwa 40-635: upana milimita 40, na kipenyo cha rimu linapokaa milimita 635. Tairi la baiskeli ya mashindano huandikwa, kwa mfano, 28-622. Zote mbili watu huziita za inchi 28, ila tofauti ya milimita 13 inatosha kulifanya tairi la duka la Usoke lilegee na kukataa kabisa kukaa kwenye rimu ya baiskeli mpya. Mtu asiyelijua hilo hununua baiskeli nzuri Dar es Salaam, tairi likachanika wiki ya tatu, na baiskeli ikatundikwa ukutani ikisubiri mzigo kutoka mjini.

Habari njema ni kwamba 622 ndiyo pia rimu ya baiskeli za milimani zinazoitwa za inchi 29, kwa hiyo tairi zake hazipatikani kwa wanamashindano peke yao. Tyubu nayo ni rahisi kuliko tairi, kwa sababu mpira hunyumbuka: tyubu ya Phoenix hukaa ndani ya tairi la 622, mradi tairi lenyewe liwe pana, milimita 35 hadi 40. Ndani ya tairi jembamba la milimita 25 hujikunja na kupasuka. Upana huo husaidia hata mchangani. Tairi la milimita 38 huenda vizuri kwa upepo wa psi 40 hadi 50, wakati lile jembamba hudai karibu mara mbili na bado huzama.

Sharti la pili ni tundu la valvu. Tyubu nyingi za mashindano zina valvu nyembamba inayopita kwenye tundu la milimita 6, na pampu ya kawaida haiishiki. Tyubu tulizozoea zinahitaji tundu la milimita 8. Baiskeli yenye tundu hilo pana itajazwa upepo popote, kuanzia Ndono hadi Kaliua.

Baada ya hapo ndipo fremu ipimwe. Mnunuzi asimame peku, mgongo ukutani, aweke kitabu katikati ya mapaja na kukipandisha hadi msambani, kisha apime kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu. Kipimo hicho akizidishe kwa 0.66. Mwenye sentimita 80 atapata karibu 53, na hiyo ndiyo fremu ya barabarani ya kuanzia. Fremu kubwa kupita kiasi huumiza mgongo na shingo, na hakuna fundi wa kuipunguza.

Chuma au alumini? Alumini ni nyepesi na haishiki kutu, lakini ikipasuka fundi wa kuchomelea wa kawaida haiwezi. Chuma huchomelewa hata senta. Nyuzi za kaboni ziachwe kwa wenye magari ya akiba. Breki za waya zinatosha, na hazihitaji mafuta maalumu. Kwa nchi tambarare kama hii, gia nane au tisa za nyuma ni nyingi tayari.

Baiskeli inayotimiza masharti haya mara nyingi haimo kwenye picha za mbio. Ni ile ya mtumba kutoka Ulaya, ya kuendea kazini mjini, yenye usukani mnyoofu, rimu ya 622 na tairi la milimita 37. Anayetaka usukani uliopinda atafute zile za changarawe, zenye nafasi ya tairi pana. Za mashindano za zamani nyingi haziruhusu zaidi ya milimita 28.

Ya mtumba ikaguliwe kwa rula. Mwanzo wa rula uwekwe katikati ya pini moja ya cheni: kama cheni ni nzima, pini nyingine itaangukia inchi 12 kamili. Ikipita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imechoka. Ikipita kwa moja ya nane, huenda imeshakula meno ya gia, na bei ishuke. Kranki ikamatwe na kutikiswa kushoto na kulia, isicheze. Rangi iliyopasuka karibu na shingo ya fremu ni sababu ya kuondoka.

Kabla ya kulipa, mpeleke fundi wako wa senta akaione, kwa maana ndiye atakayeishika kila mwezi. Na hela kidogo ibakizwe kwa helmeti, taa ya nyuma na tyubu mbili za akiba. Wiki ijayo: urefu wa siti, na ratiba ya mwezi wa kwanza.