Wali wa Zafarani wa Kihispania

MTANGAZAJI: Popote ulipo, iwe Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Lusenda, leo jikoni tunapika wali wa rangi ya dhahabu, kama wanavyoupika watu wa Valencia, nchini Hispania. Wao huuita paella. Jina lisikutishe. Chakula hiki kilikuwa cha wakulima, waliokipika shambani kwa moto wa kuni: mchele na chochote kilichopatikana siku hiyo, kama maharagwe, konokono, sungura au kuku.

Rangi na harufu yake hutoka kwenye zafarani. Neno hilo ni la Kiarabu, na Wahispania nao walilipokea kwa Waarabu wakasema azafrán. Hata mchele wanauita arroz kwa sababu hiyohiyo, maana Waarabu ndio walioeneza kilimo cha mpunga kule. Zafarani ni nyuzi nyekundu zilizo ndani ya ua dogo la zambarau. Ua moja lina nyuzi tatu tu, zinachumwa kwa mkono, na gramu moja hutaka maua 150 hivi. Ndiyo sababu ni ghali, na ndiyo sababu walaghai huighushi.

Ukiikuta sokoni, usitoe pesa haraka. Omba uzi mmoja, uutie kwenye maji baridi. Zafarani ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Maji yakigeuka mekundu papo hapo na uzi ukapauka, hiyo imetiwa rangi. Iliyosagwa iache kabisa.

Na tafadhali mama, tafadhali baba, usiuze maharagwe ya mgao ili upate zafarani. Nusu kijiko cha chai cha manjano, ambayo wengine huita binzari, itakupa rangi nzuri. Harufu itakuwa nyingine, ni kweli, lakini hata Hispania kwenyewe nyumba nyingi hutumia unga wa rangi.

[MUZIKI MFUPI]

Kwa watu wanne au watano, chukua vikombe viwili vya mchele, nyanya mbili, punje tatu za kitunguu saumu, kikombe cha maharagwe yaliyokwisha kuiva, mafuta vijiko vitatu na chumvi. Kama una zafarani, nyuzi 15 zinatosha. Zivunjevunje kwa vidole, uziloweke katika maji ya moto kidogo kwa robo saa. Mjamzito anaweza kula wali huu bila wasiwasi, ila asinywe zafarani nyingi kama dawa.

Chambua mchele, uuoshe. Tumia sufuria pana kuliko zote ulizonazo. Kaanga kitunguu saumu, tia nyanya, na kama unatumia manjano yatie hapo, mpaka nyanya zilainike na maji yake yakauke. Usiharakishe hatua hii, ladha yote inatoka hapa. Tia maharagwe, chumvi, vikombe vinne vya maji ya moto na zafarani pamoja na maji yake. Yakichemka mwaga mchele, usambaze sawasawa. Kuanzia hapo usikoroge tena. Ukikoroga, punje zinavunjika na wali unakuwa bokoboko.

Acha moto mkali kwa dakika nane au kumi, mpaka maji yawe sawa na mchele. Kisha ondoa kuni, ubakize makaa. Wahispania hawafuniki sufuria. Wewe funika, utaokoa kuni. Baada ya dakika kumi nyingine, sikiliza: wali ukianza kulia tss-tss chini, na harufu ikawa ya kukaanga bila kuwa ya kuungua, epua. Uache utulie dakika tano.

Chini utakuta ukoko. Valencia wanauita socarrat, na mezani watu wazima huugombania kama watoto wetu wanavyofanya. Ugawe mapema.

[MUZIKI WA KUFUNGA]