KUFUNGUA NA KUUNGANISHA BASTOLA NI KAZI YA UTARATIBU

Huko Eldas, katika Kaunti ya Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya, mama wa kifugaji anapohama huivunja nyumba yake kwa utaratibu. Kwanza huondoa mikeka, kisha fito zilizopindwa, ndipo ngamia hupakiwa. Afikapo kwenye malisho mapya huanza na fito na kumalizia na mikeka, yaani kilichotoka mwisho hurudi kwanza. Kanuni hiyo ndiyo imwongozayo askari anayefungua bastola ili kuisafisha. Lakini iko tofauti moja kubwa. Ufito ukisahauliwa, nyumba hukaa upande. Risasi ikisahauliwa ndani ya bastola, mtu hufa.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba kazi hii si ya kila mtu. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, yakataza raia kuwa na bunduki au bastola pasipo cheti. Maelezo haya yawahusu askari na wenye vyeti. Lakini wengine nao wafaidika kujua mahali hatari ilipo.

Adui wa silaha

Katika nchi kavu kama Eldas, adui mkubwa wa silaha ni vumbi. Wakati wa jilaal upepo huvumisha mchanga mwembamba upenyao hata ndani ya mkoba wa ngozi. Watu wengi hudhani dawa yake ni kumimina mafuta mengi. Hilo ni kosa. Mafuta mengi hukamata vumbi, na mchanganyiko huo hula chuma kama jiwe la kunolea. Mafuta yawe kidogo sana, ya kupakwa kwa kitambaa na kupanguswa. Mvua za gu zinyeshapo ndipo silaha hutazamwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa unyevu na jasho la mkono huleta kutu.

Zana

Zana za usafishaji ni chache: ufito wa kusafishia mtutu, ambao wazee huuita mdeki, brashi ndogo ya shaba iingiayo katika mtutu, vitambaa safi vya pamba, mswaki wa zamani, chupa ndogo ya mafuta ya bunduki, na kitambaa cheupe cha kutandika mezani, ili pini ndogo ikianguka ionekane. Koleo na nyundo hazina kazi hapa. Kipande kikikataa kutoka kwa mkono, kuna jambo limekosewa. Asiyelijua asikipige, bali akipeleke kwa fundi wa silaha.

Kuitoa risasi

Kabla ya lolote, mdomo wa bastola uelekezwe mahali pasipo na mtu, kama kwenye ndoo iliyojaa mchanga, na kidole kiwe nje ya kifyatulio. Kisha kikasha cha risasi kitolewe kwanza. Baada ya hapo ndipo kitelezi, yaani chuma cha juu kiendacho mbele na nyuma, kivutwe nyuma ili risasi iliyomo katika chumba chake ianguke.

Mpango huo usigeuzwe kamwe. Mtu akivuta kitelezi kabla ya kutoa kikasha, risasi ya kwanza hutoka, lakini kitelezi kirudipo huchukua nyingine kutoka katika kikasha na kuiingiza ndani. Akitoa kikasha baadaye, hujiona ameimaliza kazi, kumbe mauti yangali ndani. Kwa hiyo achungulie chumba cha risasi kwa macho, kisha akipapase kwa ncha ya kidole. Risasi zote ziwekwe mbali na meza.

Kufungua

Mfano mzuri ni Browning ya milimita 9, iliyoanzwa na Mmarekani John Browning, aliyefariki mwaka 1926, ikamalizwa na Dieudonné Saive wa Ubelgiji na kutolewa mwaka 1935. Kikasha chake huchukua risasi 13. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilitumiwa sana na majeshi ya Uingereza na ya nchi nyingine nyingi. Kuifungua kwa usafi hakuhitaji chombo chochote.

Kitelezi huvutwa nyuma, na kifungo cha usalama huinuliwa hadi kiingie katika pengo lililochongwa kwa kazi hiyo. Pini ya kuzuia kitelezi husukumwa kutoka kuume na kuvutwa upande wa kushoto. Kitelezi hushikwa imara, kifungo hushushwa, nacho hutelezeshwa polepole mbele mpaka kitoke. Ndipo springi na ufito wake hutolewa kwa kuzuiwa na kidole gumba, maana springi ikiachiliwa huruka na kuweza kuumiza jicho. Mwisho hutoka mtutu. Hapo mwenye kusafisha asimame. Vipande vipangwe mezani kutoka kushoto kwenda kulia kwa mfuatano vilivyotoka.

Mtutu husafishwa kuanzia upande wa chumba cha risasi, ili ufito usikwaruze mdomo wake. Brashi hutangulia, kisha vitambaa, mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Kuunganisha

Sasa vipande husomwa kutoka kulia kurudi kushoto: mtutu, springi na ufito wake, kitelezi juu ya reli zake, kifungo cha usalama katika pengo, na pini mwisho. Kisha kitelezi huvutwa mara kadhaa kuona kama chaenda bila kukwama. Browning ya asili haifyatuki kikasha kikiwa nje. Basi kikasha kitupu hurudishwa, mdomo huelekezwa kwenye ndoo ya mchanga, na kifyatulio huvutwa ili isikike ikigonga.

Mtu asidanganywe na tabia hiyo ya Browning. Bastola nyingi nyingine hufyatuka hata kikasha kikiwa mfukoni mwa mwenyewe, nazo zimewaua wengi waliosema, "Haina kitu."

Mchungaji akiokota bastola kichakani au kando ya kisima, asijaribu kuifungua wala kuivuta kitelezi. Aiache mahali ilipo, awazuie watoto, na apeleke habari kwa chifu au kituo cha polisi. Mwenye ujuzi huihesabu kila silaha kuwa ina risasi mpaka aione tupu kwa macho yake mwenyewe. Asiye na ujuzi na aihesabu hivyo siku zote.