Je, Wajua? Miembe ya Tabora Ilifika kwa Miguu

Mwembe si mti wa asili wa Unyamwezi, eneo ulipo mji wa Tabora. Asili yake ni Asia ya Kusini. Ulifika Tabora karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara kati ya Bagamoyo na Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Mwembe huweza kuishi zaidi ya miaka 100 na bado ukazaa. Anayeupanda leo anawawekea kivuli watoto wa wajukuu zake.

Nje ya mji iko misitu ya miombo, na humo wamo nyuki. Mzinga wa jadi hutengenezwa kwa gome. Fundi huchuna gome zima kuzunguka shina, hulirudisha duara, kisha huziba ncha mbili. Asali hupatikana, lakini mti uliochunwa hivyo hufa. Mzinga wa mbao huepusha hasara hiyo, na hilo ni jambo kubwa mno kwa msitu unaowindwa pia na wachoma mkaa na wakaushaji tumbaku. Ufugaji wa nyuki una chuo chake Tabora.

Ajabu kuliko yote: miombo huchipua kabla ya mvua. Oktoba ardhi imekauka kabisa, lakini mitundu, aina mojawapo ya miti ya miombo, huvaa majani mekundu ya rangi ya shaba na kutoa maua. Hata kwa maua hayo, nyuki kibarua, katika maisha yake yote, hatengenezi asali ya kujaza hata kijiko kimoja cha chai.