Usiseme ni uzee: mfupa ukivunjika kwa kuteleza tu, uliza sababu

MIAKA kadhaa iliyopita, mama mmoja mwenye umri wa miaka 63 aliingia katika kliniki yangu hapa Laare akiwa ameufunga mkono wa kulia kwa leso. Alikuwa ameteleza mlangoni pa jiko asubuhi, baada ya mvua ya usiku kucha. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa umevunjika karibu na kifundo cha mkono. Nilimfunga plasta, nikampa dawa za maumivu, na baada ya wiki sita nikaikata. Mkono ulikuwa umepona. Tukaagana.

Miaka minne baadaye nililetewa mama yule yule akiwa amelazwa juu ya godoro nyuma ya pikapu. Safari hii alikuwa amejikwaa tu kwenye kizingiti cha chumba chake, akavunjika nyonga. Jamaa zake waliniambia, "Daktari, ni uzee." Nami nilijua si uzee peke yake. Ule mkono wa kwanza ulikuwa onyo. Niliutibu mkono, onyo nikaliacha.

Ndugu msomaji, nakusimulia haya kwa sababu huenda wewe unaishi Nairobi, Nakuru au Mombasa, na mama yako yuko kijijini kama mama huyu. Makala ya leo inaeleza maradhi yanayodhoofisha mifupa kimyakimya, namna ya kujua kama uko hatarini, na mambo ambayo mashine ya kupima mifupa inaweza na haiwezi kukuambia.

Mfupa hubomolewa na kujengwa

Watu wengi hudhani kuwa mfupa ni kama jiwe. La hasha. Mfupa una uhai, na kila siku sehemu zake hubomolewa na kujengwa upya. Ujanani ujenzi huushinda ubomoaji, na kufikia umri wa miaka 30 hivi mtu huwa amejiwekea akiba yake kubwa kabisa ya mifupa. Kuanzia hapo akiba hupungua polepole. Kwa mwanamke, hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiilinda mifupa hushuka, na katika miaka mitano hadi kumi inayofuata akiba hiyo huliwa kwa kasi. Wanaume nao hupungukiwa, ila si kwa haraka hivyo.

Akiba ikipungua mno, kuta ndogo ndogo zilizo ndani ya mfupa huwa nyembamba na matundu yake hupanuka, mfano wa sega kuukuu la nyuki. Hali hii ndiyo huitwa osteoporosisi. Haiumi wala haileti homa. Mara nyingi dalili yake ya kwanza ni mfupa kuvunjika, hasa kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo au nyonga.

Nyonga ndiyo ya kuogopwa zaidi. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba katika kila wazee watano wanaovunjika nyonga, mmoja hivi huaga dunia kabla ya mwaka kwisha. Wengi wanaobaki hawatembei tena kama zamani.

Kwa muda mrefu sisi madaktari tuliamini kuwa haya ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli kwamba huko Marekani watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, hupatikana na mifupa mizito kuliko Wazungu. Lakini wastani haumkingi mtu mmoja mmoja. Mama yule wa Laare hakuwa wastani.

Ulianguka kutoka wapi?

Laare ni nchi ya miraa. Kijana akipanda mti mkubwa wa miraa kuchuma, tawi likakatika naye akaanguka na kuvunjika mguu, hakuna la kustaajabisha. Hata mfupa mzima kabisa ungevunjika. Lakini mtu aliyepita miaka 50 akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, yaani ameteleza, amejikwaa au ameyumba, na mfupa ukavunjika, hapo pana swali. Mfupa wenye nguvu hauvunjiki kwa jambo dogo kama hilo. Mtu aliyewahi kuvunjika hivyo ana hatari ya kuvunjika tena inayokaribia mara mbili ya mwenzake wa umri ule ule.

Kwa hivyo, kabla ya kufikiria mashine, jiulize maswali haya, au umuulize mzazi wako:

Je, tangu ufikishe miaka 50 umevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu?

Je, baba au mama yako alivunjika nyonga?

Je, umepungua kimo? Rinda lako la zamani sasa likionekana refu kuliko lilivyokuwa, au mgongo ukianza kupinda, huenda pingili zimebonyea. Kupungua kwa sentimita nne kutoka kimo cha ujanani ni jambo la kumwambia daktari.

Je, hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, au uliondolewa ovari zote mbili ukiwa bado kijana?

Je, umemeza dawa za steroidi, kama prednisolone, kwa miezi mitatu au zaidi? Wagonjwa wa pumu na wa baridi yabisi huzitumia sana, na wengine hujinunulia dukani kwa sababu "zinaleta hamu ya kula".

Je, wewe ni mwembamba kupita kiasi? Mtafunaji wa miraa anayeruka milo kwa kuwa hasikii njaa ajihesabu hapa.

Je, unavuta sigara, au unakunywa zaidi ya bia moja na nusu ya nusu lita kila siku?

Mambo mawili mengine yanahitaji maelezo. Sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi mitatu hupunguza mifupa kiasi wakati inapotumiwa, na sehemu kubwa hurudi mtu akiiacha. Aidha, tenofovir, iliyomo katika vidonge vingi vya kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, hupunguza mifupa kidogo. Tafadhali usiache dawa yoyote kati ya hizi kwa sababu ya makala haya. Zungumza na anayekuhudumia.

Mashine ya DEXA

Kipimo kinachotegemewa duniani kote huitwa DEXA, nacho kimetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni aina ya eksirei inayopitisha miale ya nguvu mbili tofauti mwilini. Nyama na mfupa huizuia miale hiyo kwa viwango tofauti, na kompyuta hupiga hesabu ya madini yaliyomo ndani ya mfupa. Sehemu zinazopimwa kwa kawaida ni kiuno na nyonga.

Hakuna sindano wala maumivu. Unalala chali juu ya meza iliyo wazi kwa dakika 10 hadi 20. Miale yake ni kidogo mno, pungufu ya ile ya picha ya kifua. Usimeze vidonge vya kalsiamu katika saa 24 kabla ya kipimo, ondoa mkanda, funguo na sarafu, na ikiwa una mimba, sema.

Majibu hutolewa kwa alama inayoitwa T, ambayo hulinganisha mfupa wako na wa mwanamke kijana mwenye afya. Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka yake mwaka 1994. Alama ya -1 au juu yake ni ya kawaida. Kati ya -1 na -2.5 mifupa imepungua. Alama ya -2.5 au chini ya hapo ni osteoporosisi. Alama hii ni ya wanawake waliokoma hedhi na wanaume waliofikisha miaka 50. Walio chini ya hapo husomewa alama Z, inayowalinganisha na watu wa umri wao.

Tahadhari na namba

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu hupata -1.8, akafurahi kwamba hana ugonjwa. Lakini wengi wanaovunjika mifupa hutoka katika kundi hilo la kati, kwa sababu ndilo lenye watu wengi. Tena, mgongo wa mzee wenye pingili zilizobonyea au zilizoota vijifupa kwa sababu ya uchakavu waweza kuonekana mzito kuliko ulivyo. Katika hali hiyo daktari hutegemea zaidi kipimo cha nyonga. Na aliyevunjika nyonga kwa kujikwaa ana osteoporosisi, namba iseme itakavyosema.

Ndiyo sababu mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walitoa kikokotoo kinachoitwa FRAX. Hutumika kwa watu wa miaka 40 hadi 90. Daktari huingiza umri, uzani, kimo na majibu ya maswali mengi kama yale niliyoyataja juu, na kikokotoo kinatoa uwezekano wa kuvunjika katika miaka 10 ijayo. Alama ya DEXA ikiwapo huongezwa. Isipokuwapo, hesabu hufanyika bila hiyo.

Jambo hili ni muhimu kwetu. Mashine za DEXA ni chache nchini, na nyingi ziko katika hospitali kubwa za Nairobi, zaidi ya kilomita 250 kutoka hapa. Mama aliyekwisha kuvunjika nyonga hana haja ya kuteswa na safari hiyo ndipo aanze matibabu. Lakini mwanamke aliyefika miaka 65, au aliyekoma hedhi na kujibu "ndiyo" kwa swali moja au mawili hapo juu, anafaa kupimwa akipata nafasi. Msichana wa miaka 28 mwenye afya hana haja nacho.

Jihadhari pia na vipimo vya njiani. Mashine ya kupima kisigino yaweza kukuonya, lakini haitoshi kuthibitisha ugonjwa. Na ile ya kushika kijiti mkononi, ambayo ikimaliza tu unauziwa mikebe ya virutubisho, haipimi mfupa hata kidogo.

La kufanya

Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 hivi za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 miligramu 1,200. Glasi moja ya maziwa ina karibu 300. Gramu 100 za unga wa wimbi zina zaidi ya 300. Omena wanaoliwa na miiba yao ni hazina, na sukuma wiki ni bora kuliko mchicha, kwa kuwa mchicha huishikilia kalsiamu yake isiingie mwilini. Ota jua, tembea, panda ngazi. Mfupa hujengeka unapobebeshwa kazi.

Kwa aliyekwisha kuthibitishwa kuwa na hatari kubwa kuna dawa. Inayotumika sana ni alendronate ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, na mgonjwa hukaa wima kwa nusu saa ili kisichome koo. Daktari huangalia figo kwanza.

Zuia pia kuanguka. Wekea mzazi taa njiani kuelekea chooni, mpe viatu visivyoteleza badala ya malapa yaliyochakaa, mpeleke akaondolewe mtoto wa jicho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mama yule alifanyiwa upasuaji. Leo anatembea kwa mkongojo, na kila Jumapili humeza kidonge chake kabla ya kwenda kanisani. Mwezi uliopita binti yake, mwenye umri wa miaka 45, alifunga safari kutoka Nairobi kuja kuniuliza kama naye apimwe. Tulipitia maswali yote. Jibu la "ndiyo" lilikuwa moja tu, la nyonga ya mama yake. Nilimwambia asikimbilie mashine sasa, ale vizuri, atembee, na hedhi ikikoma arudi tupige hesabu upya.

Nawe jioni hii mpigie mzazi wako simu. Muulize kama amewahi kuvunjika tangu afikishe miaka 50, na alikuwa akifanya nini alipoanguka. Akikujibu, "Niliteleza tu," usimwambie pole ukaishia hapo. Mpeleke kwa daktari.